Paa la Kivuli na Matunzo Yake

Jua la pwani yetu, tangu saa nne za asubuhi hata alasiri, halimwachii mtu hiari ila atafute mahali pa kujisitiri, na kwa ajili hiyo ni nadra kuiona nyumba, iwe ya tajiri au ya maskini, isiyokuwa na kivuli chake cha nje: upenu uliotokezwa mbele ya baraza, au banda la makuti uani wanakopikia na kufulia, au chandalua cha turubai kilichotandwa baina ya ukuta na mnazi. Vivuli hivi twavijenga kwa bidii, twavikalia kwa raha, kisha twavisahau kabisa, hata siku moja mgeni aliyekaa kwenye kiti cha heshima aangukiwe na tone la maji ya rangi ya chai juu ya kanzu nyeupe, ndipo mwenye nyumba ainue macho na kutazama juu kwa mara ya kwanza tangu fundi alipoondoka na ngazi yake.

Watu wengi wakiulizwa ni kitu gani kiharibucho paa la makuti, watajibu kuwa ni mvua, na wengine watasema ni jua. Majibu hayo mawili yana sehemu ya ukweli, lakini kwa nadhari yangu hayajafika kwenye kiini. Mvua iangukayo juu ya kuti, ikateleza, ikadondoka mchirizini, yapita zake na kuti linabaki kama lilivyokuwa; na jua, japokuwa hulifanya jani liwe kavu na la kuvunjika, ndilo hilo hilo lilikaushalo baada ya mvua na kuliongezea umri. Kiuacho kivuli ni yale maji yaliyoingia yakakosa njia ya kutokea, yakalala baina ya jani na jani, au chini ya fundo la kamba, au kwenye shina la nguzo, au ndani ya kunjo la turubai, yakafanya kazi yake polepole mahali pasipotazamwa na mtu. Mwenye kulifahamu jambo hili amekwisha kuifahamu nusu ya kazi ya matunzo, na nusu iliyobaki ni kupanda ngazi.

Na tuanze na makuti, maana ndiyo yaliyo mengi. Liko kuti la kumba, ambalo majani yake husukwa yangali kwenye upongoo wake, nalo aghalabu hufanyiwa nyua na vibanda vya muda; na liko kuti la viungo, ambalo majani yake huchambuliwa moja moja, yakakunjwa juu ya kijiti na kushonwa yashikamane, nalo ndilo lifaalo kwa paa la kudumu. Huezekwa kuanzia mchirizini kupanda juu, kila safu ikiilalia ile iliyo chini yake, na hapa ndipo mwenye mali anapodanganyika au anapojidanganya mwenyewe, kwa kuwa safu zikikaribiana kiasi cha inchi 4 makuti yatakayotakiwa ni mengi na bei itapanda, ilhali zikiachanishwa shibiri nzima paa litaonekana zuri vile vile siku ya kwanza, na mwenye pesa ataona amefanya hesabu njema. Masika ya pili yatamwonyesha ile tofauti.

Jambo la pili ni mwinamo. Paa la makuti lataka kusimama, lisipungue digrii 45, ili maji yasipate wasaa wa kufikiri. Lakini siku hizi, kwa kupenda mabanda mapana yenye paa la chini, mafundi huombwa walaze makuti karibu sawa na meza, nao kwa kuwa ni watu wa kutafuta riziki huitikia, bwana, ndiyo. Paa lililosimama na kuezekwa kwa wingi litamtumikia mwenyewe miaka 5 hata 7, na hata zaidi mahali penye upepo. Lililolazwa litaanza kuoza kabla deni la fundi halijalipwa. Ikiwa banda lako limekwisha kujengwa hivyo, sina dawa ya kukupa ila kulitazama mara nyingi zaidi kuliko jirani yako, na siku ya kuezua ikifika, umwambie fundi ainue kilele kabla ya kununua kuti hata moja.

Sasa, namna ya kulitazama. Simama chini ya banda adhuhuri, jua likiwa utosini, uinue uso na kungoja kidogo mpaka macho yazoee giza la dari. Paa zima halitakuonyesha kitu ila weusi wa moshi na kahawia ya majani. Paa lililochoka litakuonyesha vitone vya nuru vilivyotawanyika, na penye vitone vilivyokusanyana mahali pamoja ndipo patakapovuja. Kisha panda ngazi, utie mkono baina ya safu mbili mpaka kwenye kiwiko. Jani zima huchakacha, hukwaruza ngozi na kuacha vumbi kavu. Jani lililokufa halina sauti, ni laini, la baridi hata wakati wa joto, na ukiutoa mkono utauona umejaa unga mweusi unaonuka kama udongo wa shambani baada ya mvua. Wenye maarifa ya kazi hii hawahitaji zaidi ya hayo, na mimi nimemwona mzee mmoja mwezekaji ambaye hakutazama paa kabisa, alitia mkono mahali patatu tu, akataja idadi ya makuti yatakiwayo, akashuka kunywa kahawa.

Mahali pa kwanza pa kufa ni kileleni, pale vipaa viwili vinapokutana, kwa sababu makuti ya hapo hukunjwa yakalala bapa, na pia kwa sababu kunguru hupapenda. Ndege hawa, ambao waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, na ambao sasa wameijaza pwani nzima, wana tabia ya kuchomoa nyuzi na vijiti vya kujengea viota vyao, nao hawajali kama kijiti hicho kilikuwa na kazi. Kilele, basi, kibadilishwe mapema kuliko paa lenyewe, hata mara mbili katika umri wa paa moja, na gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na hasara ya maji yanayoingia juu na kuteremka ndani kwa ndani, yakioza safu zote yanazopitia.

Mahali pa pili ni chini ya mti. Twaupenda mkungu kwa ule mpangilio wa matawi yake, ghorofa juu ya ghorofa, na twaupenda mwembe kwa embe. Lakini mkungu hupukutisha majani yake, mapana kama sahani, aghalabu mara mbili kwa mwaka, na majani hayo yakiangukia banda hulala juu ya makuti yakashika umande, na chini yake huota koga, kisha vimea vya kijani, na nimeona banda moja ambalo juu yake ulikwisha kuchipua mpapai. Mwenyewe aliona ni jambo la kuchekesha. Tawi lililoinama juu ya paa likatwe kabla ya vuli, na majani yaliyokwisha kuanguka yaondolewe kwa ufagio wa chelewa uliofungwa kwenye mti mrefu, ukifagia kutoka juu kwenda chini, wala si kutoka chini kwenda juu, maana ukipandisha ufagio unayafunua makuti yote na kuifungulia mvua mlango.

Natamani kusema kidogo juu ya kamba, kwa kuwa hapana sehemu ya banda inayodharauliwa kama hiyo. Wazee walifunga paa kwa kamba ya kumbi, nayo hufanywa kwa makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukweni kwa miezi kadhaa, kama wafanyavyo mpaka leo akina mama wa Paje na Jambiani, ambao huchimba mashimo yao pale bahari inapokupwa, wakayatia alama ya mawe kila mtu ajue lake, kisha wakayafukua, wakayaponda, wakapata usumba wa kusokota. Uzi uliokwisha kukaa miezi ndani ya maji ya chumvi hauogopi tena umande wa usiku. Ndio uzi ule ule ulioshona mitepe ya Lamu, vyombo ambavyo mbao zake hazikupigiliwa msumari, navyo vilivuka mawimbi kwa sababu vilijua kulegea. Banda nalo lina haja ya kulegea. Kusi inapovuma mwezi wa Juni na Julai, kila kiungo cha paa husogea kidogo na kurudi, na fundo la kumbi husogea pamoja nacho; msumari hausogei, bali hupanua tundu lake, maji yakaingia tunduni, chumvi ya hewa ikaula, na mti ukapasuka kufuata mstari wa kutu. Ama kamba ya nailoni, ambayo wengi wameipokea kwa sababu inapatikana kila duka na haiozi, mimi siisifu mahali penye jua: huteleza fundoni, hukata jani, na jua likiipiga miaka michache huwa unga mweupe unaowasha vidole. Ndani ya dari, mahali pasipofikiwa na jua, haina neno.

Tukishuka chini, twafika kwenye nguzo na boriti. Miti ya mikoko imekuwa ndiyo mifupa ya nyumba zetu, na wajenzi waliipanga kwa unene wake na kuipa kila daraja jina lake, fito, pau, boriti na nguzo. Nayo si yetu peke yetu, kwa kuwa karne nyingi majahazi yalipakia miti hiyo Lamu na katika delta ya Rufiji, yakaichukua mpaka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ni adimu. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982, na kila mwenye kuona jinsi misitu ya mikoko ilivyopungua atakiri kwamba nguzo tuliyo nayo uani yafaa itunzwe kama kitu ambacho hakitapatikana tena kwa bei ile. Mkoko na mkandaa huwashinda mchwa kwa muda mrefu kuliko miti mingi, lakini hauko mti ushindao kuwekwa nusu majini nusu hewani. Chini kabisa ardhini hapana hewa ya kutosha ya kuoza, na juu pana upepo wa kukausha. Ugonjwa huanzia pale pale usawa wa ardhi, upana wa viganja viwili, na mara nyingi upande wa nyuma ambako maji ya kufulia humwagwa.

Chukua kisu, usiwe na huruma, uchome mahali hapo. Kikiingia kwa urahisi zaidi ya ncha, nguzo hiyo inasimama kwa mazoea tu. Dawa yake ni kuikata sehemu iliyooza na kuikalisha juu ya jiwe au kigogo cha saruji kilichotokeza juu ya ardhi kiasi cha shibiri, maji yasiifikie tena. Kwa nguzo mpya, kuna waunguzao mwisho wake motoni mpaka uwe mweusi, kuna wapakao lami, na huko kwenye vijiji vya wavuvi kuna wapakao sifa, yale mafuta ya papa yapakwayo majahazi, ambayo kwa hakika huulinda mti, lakini harufu yake itawafanya wageni wako waage mapema kuliko walivyokusudia. Na nyumba ya mchwa, ile njia ya udongo ipandayo juu ya nguzo, usiibomoe kwa fimbo na kuona kwamba umemaliza. Ifuate mpaka ilikotoka, kwa sababu wale uwaonao ni wachukuzi tu.

Moto nitautaja kwa ufupi, si kwa sababu ni mdogo, bali kwa sababu kila mtu anaujua na hakuna ahitajiye kuhubiriwa. Jiko lisiwe chini ya mchirizi, waya wa umeme usifungwe kwenye fito bila ya kupitishwa ndani ya bomba, na pipa la maji na ndoo ya mchanga viwe karibu, navyo viwe na maji na mchanga kweli. Ziko dawa za chumvi ya boraksi ambazo majani hulowekwa humo au kunyunyiziwa yasishike moto upesi, na huwachukiza wadudu pia; lakini ni chumvi, huyeyuka, na mvua huziosha, kwa hiyo mtu aliyepaka dawa mwaka juzi na akalala usingizi mzito analindwa na kumbukumbu.

Tuje kwenye turubai. Vitambaa vya pamba tumevizoea tangu enzi za marikani, nguo iliyoletwa na majahazi ya Wamarekani wa Salem, ambao nchi yao ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Na manahodha walioshona matanga na vyandalua kwa nguo hiyo na kwa kitali walikuwa na adabu zake, ambazo sisi tukaao nchi kavu tumeziacha. Adabu ya kwanza ni kwamba turubai jipya la pamba huloweshwa kwa maji safi na kukaushwa likiwa limetandwa, mara moja au mbili, kabla ya kulitegemea, maana nyuzi zikilowa huvimba na kuziba matundu ya sindano na ya mfumo. Ya pili ni kwamba kamba zake hulegezwa jioni au mawingu yanapojikusanya, kwa kuwa pamba ikilowa hufupika, na turubai lililovutwa likakaza kama ngozi ya ngoma wakati wa jua litajirarua lenyewe usiku wa mvua, likianzia pembeni kwenye tundu la kamba. Na ya tatu, ambayo ni ile ile niliyokwisha kuisema kwa makuti, ni kwamba lisipewe nafasi ya kushika maji: upande mmoja ushuke dhiraa nzima kuliko wa pili, kwani tumbo lililojaa maji lina uzito wa madebe, na debe moja tu la lita 18 likikaa usiku kucha katikati ya kitambaa litafanya bonde lisilonyooka tena.

Kulikunja likiwa bichi ni kosa lisilo na msamaha. Harusi imekwisha, watu wamechoka, umande umekwisha kuanguka, vijana wanalikunja turubai, wanalisukumiza stoo nyuma ya magunia, na mwezi wa pili likitolewa lina madoa meusi, linanuka, na ukilivuta kwa mikono miwili lasikika likilia mshonowe. Lifunguliwe asubuhi yake, hata kama kila mtu bado amelala, litundikwe mpaka mshono, ambao ni mzito kuliko kitambaa na hukauka mwisho, uwe mkavu kwa kuuminya. Madoa machache ya koga huondoka kwa maji ya ndimu na chumvi likianikwa juani. Dawa kali za kufanya nguo iwe nyeupe huondoa doa na nguvu ya uzi kwa pamoja. Wakaao karibu na bahari waliogeshe kwa maji baridi ya kisima baada ya kusi, kwa kuwa chumvi iliyokauka kitambaani huvuta unyevu wa hewa kila usiku na kulirudishia ule uliokaushwa mchana.

Turubai la plastiki la rangi ya samawati, liuzwalo sokoni kwa bei ya chakula cha siku mbili, lafaa kwa matanga na kwa harusi, na kwa hayo tulishukuru. Kulifanya kivuli cha mwaka mzima ni kununua takataka kwa awamu, maana jua hulikatakata likawa vibanzi vinavyopeperuka uani na kuliwa na kuku na mbuzi. Neti za kivuli, zile za kijani au nyeusi zitumikazo kwenye vitalu vya miche, hudumu zaidi, kwa kuwa maji hupenya na upepo hupita.

Kuna fasheni moja ambayo sina budi kuisema, hata kama itamuudhi mtu. Wengine wameezeka mabati, kisha, kwa kutaka sura ya kienyeji mbele ya watalii au mbele ya jamaa waliotoka ng'ambo, wakatandaza makuti juu ya bati. Sababu yao naielewa: bati tupu ni tanuri. Lakini makuti yanayopoza hupoza kwa sababu hewa hupita ndani yake kutoka chini, na hapo chini pamezibwa. Maji yakipenya hukutana na bati na kukaa juu yake, makuti yakaoza upesi kuliko kawaida, na bati likaliwa na kutu kuanzia kwenye misumari na maungio, mwenye nyumba asione lolote mpaka pawe na tundu. Atakaye vyote viwili aache nafasi, fito zipigwe juu ya pau zilizoinuliwa, upepo upate kupita baina yao, na hata hivyo ajue kwamba ana mapaa mawili ya kutunza.

Wakati wa kazi hizi zote ni kaskazi, tangu Januari mpaka mwanzo wa Machi, siku makuti yamekauka, mafundi hawajashikwa na kila mtu, na masika bado yako mbali. Mwezi wa Aprili fundi wa kuezeka ni kama tabibu penye homa ya mji, haonekani, na akionekana hasikii bei. Patana naye kwa idadi ya makuti yatakayoingia, wala si kwa siku, na uyahesabu yakiwa chini. Kisha umwombe asikanyage paa, aweke ubao wa kusimamia juu ya boriti ile ilalayo juu ya nguzo, ambayo wenyewe huiita mtambaa wa panya. Makuti yenyewe uyachague yaliyokomaa na kushonwa kwa majani yaliyopandana vizuri, wala usimhimize mwenye shamba akukatie mabichi, kwa kuwa mnazi mzima hutoa kuti jipya kiasi cha moja kila mwezi, na kila kuti bichi liondolewalo kabla ya wakati wake hulipwa na mkulima kwa nazi ambazo hazikuzaliwa.

Nunua korija moja au mbili za ziada kwa ajili ya viraka, kwani tundu dogo likizibwa wiki ile ile kwa makuti matatu halidai fundi wala ngazi ndefu. Uyaweke juu ya chanja mahali penye upepo, yasiguse sakafu wala ukuta, yakiwa yamesimamishwa kwa ubavu, na uyageuze kila mwezi ukitazama chini yake kama pana vumbi jipya la udongo. Na ukiliona, yatoe yote juani siku hiyo hiyo.